Namba Zinazokuonyesha Panapobana: Diski, Kebo na Ruta za Nyumbani

Anayeomba ushauri wa vifaa vya kompyuta vya nyumbani mara nyingi huanza kwa kuuliza, "Ninunue ipi?" Swali hilo lina mwenzake linalopaswa kutangulia: kasi inapotelea wapi? Data ikitoka kwenye diski hupita kwenye kebo, ikaingia kwenye tundu, pengine ikapita ruta na ukuta mmoja au miwili, na safari nzima huenda kwa kasi ya sehemu inayobana kuliko zote. Ukibadilisha sehemu nyingine, hela imekwenda na mambo yako palepale. Bahati nzuri, vifaa hivi vikibanwa hutoa namba zilezile kila mara, na ukizijua utamtambua mkosaji kabla hujafungua pochi.

Tuanze na vipimo. Watoa huduma za intaneti hutangaza kasi kwa megabiti kwa sekunde, ilhali kompyuta inaponakili faili huonyesha megabaiti kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo kifurushi cha megabiti 100 kikikuletea megabaiti 11 au 12 kwa sekunde, hujapunjwa. Hata diski ya terabaiti 1 inayosomeka gigabaiti 931 kwenye Windows imekamilika: mtengenezaji huhesabu kwa 1,000, Windows huhesabu kwa 1,024.

Sasa chukua diski ya nje. Umenakili video za gigabaiti 60 na kazi imechukua dakika 25. Megabaiti 60,000 ukizigawa kwa sekunde 1,500 unapata megabaiti 40 kwa sekunde. Ukiona namba iliyo kati ya 35 na 40 na haipandi hata ufanye nini, umekutana na USB 2.0, ambayo kwenye karatasi ni megabiti 480 kwa sekunde lakini kikazi huishia hapo. Diski ya kawaida ya kuzunguka huweza kupita megabaiti 100, na SSD ya nje, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka, huenda mara kadhaa zaidi ya hapo. Diski haina kosa; kinachobana ni tundu au kebo. Chungulia ndani ya tundu lile la mstatili: la USB 2.0 lina miguso 4, la USB 3 lina 9, na mara nyingi plastiki yake ya ndani ni ya bluu. Rangi si sheria, hivyo ukiwa na shaka soma mwongozo wa kompyuta.

Kebo za Type-C ndizo zinazodanganya watu zaidi, kwa kuwa zote zina sura moja. Nyingi ya zile zinazokuja na chaja za simu zina nyaya za USB 2.0 tu. Zitachaji vizuri kabisa, ila faili zitajikokota, na ukichomeka skrini haitaonyesha picha. Diski ikija na kebo yake, ifunge kebo hiyo kipande cha tepu na uandike "ya diski". Ni jambo dogo, lakini linaokoa saa nyingi.

Kisha kuna umeme. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida hutoa miliampea 500, la USB 3.0 hutoa 900. Diski ya inchi 2.5 hula umeme mwingi zaidi pale inapoanza kuzunguka. Ukipungua, diski hugonga tik-tik, hupotea kwenye orodha, kisha hurudi. Watu wengi huitangaza imekufa wakati iko kwenye habu (kifaa kinachogawa tundu moja kuwa mengi) isiyo na adapta yake ya umeme, ikigawana na kibodi, kipanya na flashi mbili. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Kama ni kompyuta ya mezani, tumia matundu ya nyuma, kwa sababu ya mbele hupitia waya wa ziada. Ikiendelea kugonga hata hapo, izime. Kichwa kibovu cha kusomea kinaweza kukwaruza sahani ya ndani inayobeba data kila inapozunguka, na data inayookoleka leo kesho inaweza isiokoleke.

Kipanya kisicho na waya kikianza kurukaruka mara tu unapowasha diski ya nje, usikimbilie kubadilisha betri. Mawasiliano ya USB 3.0 hutoa kelele ya redio inayoangukia kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo hayohayo ya vipanya vingi, na pia hutumiwa na Wi-Fi. Kipokezi cha kipanya kikiwa kimechomekwa ubavuni mwa diski, kelele inakizidi nguvu. Dawa ni waya wa kurefusha wa USB 2.0 wenye urefu wa nusu mita hivi: kisogeze kipokezi mbali na diski, na kipanya kinatulia.

Ukiamua kununua SSD ya kuweka ndani ya kompyuta, usitosheke na neno M.2. Hilo ni jina la umbo tu. Kipande kilichoandikwa 2280 kina upana wa milimita 22 na urefu wa 80, lakini kinaweza kuwa cha SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski, kinachoishia karibu megabaiti 550 kwa sekunde, au cha NVMe, njia mpya, kinachofika maelfu. Baadhi ya kompyuta hukubali aina moja tu, na kipande kisicho chake huingia vizuri kisha kisionekane kamwe. Soma mwongozo wa ubao mama kwanza. Kwa mtu anayetoka kwenye diski ya kuzunguka, aina zote mbili zitamfurahisha. Tofauti kati ya hizo mbili kwa kazi za kila siku ni ndogo kuliko matangazo yanavyosema.

Flashi na kadi za bei ya kutupa, hasa zinazodai terabaiti kadhaa, zijaribu kabla hujaziamini. Nyingine zimepangwa kudanganya ukubwa wake: zinapokea faili, kisha zinaandika juu ya zile za mwanzo. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na macOS, huijaza flashi yote halafu huisoma tena. Na faili inayozidi gigabaiti 4 ikikataa kuingia wakati nafasi ipo tele, flashi imeumbizwa (imeandaliwa kuhifadhi faili) kwa mfumo wa FAT32. Hamisha vilivyomo, iumbize upya kwa exFAT, ambayo Windows na macOS zote huisoma na kuiandika.

Afya ya diski husomwa kwa programu kama CrystalDiskInfo. Kwenye diski ya kuzunguka angalia mistari ya 05 na C5: namba zikipanda wiki hadi wiki, sehemu za sahani zinakufa, hamisha data. Mstari wa C7 ukipanda peke yake, badilisha kwanza waya wa SATA, maana huo huhesabu makosa ya njiani. Nakala za data ziwe 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 ikae nje ya nyumba. Diski mbili zinazoakisiana kwa RAID, mpangilio unaoandika kila kitu kwenye diski zote mbili kwa pamoja, hazihesabiwi kuwa nakala mbili, kwa sababu faili uliyoifuta kwa bahati mbaya hufutika kwenye zote mbili sekunde ileile.

Upande wa mtandao, namba ya kukumbuka ni 94. Umelipia megabiti 300, umechomeka waya, na kila ukipima unapata 93 au 94. Kiungo cha waya kati ya kompyuta na ruta kimeshuka hadi megabiti 100. Kasi ya gigabiti 1 hutumia jozi zote 4 za nyaya ndani ya kebo, ya megabiti 100 hutumia jozi 2, hivyo uzi mmoja ukikatika au pini moja isiposhika, vifaa viwili hukubaliana kwenda polepole bila kukuambia. Badilisha kebo ya mtandao kwa ile ya daraja la Cat5e au Cat6 ya shaba halisi. Epuka zilizoandikwa CCA, ambazo ni alumini iliyopakwa shaba. Kama unabana vichwa vya kebo mwenyewe, mpangilio wa rangi za nyaya uitwao T568B ni: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia, pande zote mbili. Namba ya 94 ikibaki, angalia kama tundu la ruta au swichi yenyewe ni la megabiti 100.

Kwa Wi-Fi, toa ruta nyuma ya televisheni na ndani ya kabati la chuma, iweke katikati ya nyumba, juu kidogo. Kwenye gigahezi 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11; za katikati yao huingiliana na majirani wa pande zote. Zima WPS (kuunganisha kwa kitufe au PIN badala ya nenosiri), na kwa ulinzi wa Wi-Fi tumia WPA2 au WPA3.

Ukiongeza ruta ya pili, makosa huwa yaleyale. Kabla ya kuiunganisha, ipe anwani isiyogongana na ya kwanza: kama ya kwanza ni 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2. Zima DHCP yake, yaani huduma ya kugawia vifaa anwani, kisha peleka waya kutoka tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la ruta ya kwanza hadi tundu la LAN la ruta ya pili. Ukiiacha DHCP, ruta mbili zitagawa anwani kwa zamu, na simu itaingia mtandaoni leo, kesho igome. Kompyuta ikionyesha anwani inayoanza na 169.254, maana yake haikupata wa kuigawia: angalia waya au ruta, wala usisumbuke na kivinjari.

Ukihitaji mshauri baada ya hapo, mpelekee aina ya kifaa, tundu, kebo na namba uliyopima. Mathalani: kompyuta ya mkononi yenye tundu la Type-C, SSD ya nje, kebo iliyokuja na chaja ya simu, gigabaiti 20 kwa dakika 9. Hiyo ni megabaiti 37 kwa sekunde, na hana haja ya kuuliza swali la pili: ni kebo.