Kifaa cha kuvuta shingo na mgongo: soma haya kabla ya kukifunga mlangoni

Katika kliniki yetu ya fiziotherapia, wagonjwa wanazidi kuja na kifaa ndani ya mfuko: kamba, kapi ya kuning'iniza juu ya mlango, mikanda ya kushika kidevu na kisogo, na mfuko wa kujaza maji. Wamekiona kwenye simu wakakinunua. Swali lao ni moja: "Daktari, nikitumie?"

Jibu linategemea maumivu yako yanatoka wapi.

Uti wa mgongo una pingili 7 shingoni, 12 kifuani na 5 kiunoni. Kati ya pingili na pingili kuna diski, mto laini wenye kazi ya kupokea uzito. Diski ikituna, au mfupa ukiota vijiti kwa sababu ya umri, tundu linalopitisha mshipa wa fahamu huwa finyu na mshipa hubanwa. Hapo ndipo maumivu ya shingo yanaposhuka begani hadi vidoleni, yakiandamana na vichomi au ganzi. Ukivuta, pingili huachana kwa kiasi kidogo sana, tundu hupata nafasi na misuli iliyokaza hulegea. Ukiachia, pingili hurudi zilipokuwa. Kwa hiyo nafuu huja upesi, na mara nyingi huondoka upesi vilevile.

Sasa nizungumzie kiuno, kwa sababu hapo ndipo watu wanapopoteza pesa nyingi. Maumivu ya kiuno yaliwapata watu wapatao milioni 619 duniani mwaka 2020. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno, na tiba ya kuvuta imo miongoni mwa zile lilizoshauri zisitolewe kama huduma ya kawaida. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 ulikuwa umeshasema hivyohivyo. Basi mikanda ya kujaza upepo na vitanda vya kumning'iniza mtu kichwa chini miguu juu, mimi siwashauri wagonjwa wangu wavinunue. Kitanda hicho kina hatari zaidi: kichwa kikiwa chini, presha ya damu na ya macho hupanda. Mwenye shinikizo la damu au glakoma (ugonjwa wa presha ya macho) asikipande kabisa.

Kiuno kikikamata, lala chali sakafuni juu ya mkeka, kisha weka miguu juu ya kiti, magoti yakiwa yamekunjwa kama ya mtu aliyekaa. Tulia hivyo dakika 10 au 15. Mgongo unapumzika bila kuvutwa na chochote, wala hujatoa hata shilingi. Ukiinuka, tembea. Kulala kitandani siku nzima kwa kuogopa maumivu kunadhoofisha misuli ileile inayoushikilia mgongo.

Shingo ni habari nyingine. Kwa baadhi ya wagonjwa ambao mshipa wa fahamu umebanwa shingoni, kuvuta kukiambatana na mazoezi kunasaidia. Kabla ya kumruhusu mtu atumie kifaa nyumbani, mimi humlaza na kumvuta kwanza kwa mikono. Maumivu ya mkono yakipungua, tunaendelea. Yakizidi, kifaa kinarudi mfukoni.

Ukiruhusiwa, kaa ukiutazama mlango, usiupe mgongo, ili shingo ivutwe ikiwa imeinama mbele kidogo. Uzito uegemee kisogoni. Taya likiuma, mikanda imekaa vibaya. Kwa kawaida tunaanza na kilo 3 au 4, yaani lita 3 au 4 za maji, kwa dakika 5 hadi 10, na mtu mwingine awepo nyumbani. Usiongeze maji kwa sababu jana ulisikia raha. Ukimaliza, legeza kamba taratibu, kaa kidogo, ndipo uinuke. Ukisikia kizunguzungu, kichefuchefu au ganzi mpya, acha palepale.

Tena nawaomba sana, msikubali kinyozi awakunje shingo mpaka ilie baada ya kuwanyoa. Mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo inapita humo shingoni, na kuzungushwa kwa ghafla kunaweza kuichana na kuleta kiharusi.

Kuna watu wasiovutwa kabisa kabla ya kupimwa: aliyeanguka au kupata ajali ya bodaboda, mwenye saratani, mwenye baridi yabisi ya shingo, na mwenye mifupa iliyodhoofika kwa umri au kwa kutumia dawa za steroidi muda mrefu. Wa kumfikiria zaidi kwetu ni mgonjwa wa kifua kikuu cha mifupa. Ugonjwa huu hula pingili polepole, na mgonjwa anaweza asikohoe hata kidogo. Mgongo unauma kwa wiki nyingi, homa inapanda jioni, jasho linalowesha shuka usiku, uzito unapungua, pengine kibiongo kinaanza kujitokeza. Mtu huyu anahitaji picha ya mgongo na dawa za TB, na kumvuta kunaweza kumpoozesha.

Na kama miguu inaishiwa nguvu, umeshindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, mkojo hautoki, au umekufa ganzi sehemu za siri na makalioni, usisubiri kliniki ya kesho. Nenda hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku.