Ribosomu: pale antibiotiki inapomkamata bakteria

Ribosomu ni nini?

Ni mashine ndogo ndani ya seli inayotengeneza protini: insulini, himoglobini, kingamwili na nyingine zote. Upana wake ni nanomita 30 hivi, kwa hiyo hadubini ya maabara ya shule haiionyeshi. George Palade alizieleza mwaka 1955 kwa hadubini ya elektroni, na mwaka 1974 akawa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel. Seli ya ini huwa nazo mamilioni. Chembe nyekundu ya damu iliyokomaa haina hata moja, haiwezi kujitengenezea protini mpya, na baada ya siku kama 120 huondolewa kwenye damu.

Inafanyaje kazi?

Ina vipande viwili: kidogo husoma maagizo, kikubwa huunganisha asidi amino, yaani matofali yanayojenga protini. Maagizo hutoka kwenye DNA, hazina ya urithi wa seli, yakiwa yamenakiliwa katika RNA, mnyororo wa herufi za kikemia, nayo husomwa herufi tatu tatu. AUG: anza. GAG: weka asidi ya glutamiki. Ikifika UAA, inaachia.

Haihoji inachosoma. Mwenye selimundu ana GUG mahali pamoja palipotakiwa GAG katika maagizo ya himoglobini. Ribosomu inatii, inaweka valini, asidi amino nyingine, na himoglobini inayotoka hushikamana na kuipinda chembe nyekundu. Ribosomu yenyewe haina ugonjwa wowote.

Antibiotiki zinaingiaje hapa?

Hapa ndipo penye utamu wa somo lote. Bakteria naye ana ribosomu, ila ni ndogo kuliko zetu na maumbo yake yana tofauti kidogo. Tofauti hiyo ndiyo inayoturuhusu kumpiga yeye tukabaki salama. Doksisaiklini hukaa kwenye kipande kidogo na kuzuia asidi amino mpya isipokewe. Azithromaisini, inayogawiwa pia kupambana na trakoma, ugonjwa wa macho, huziba njia ambayo protini hutokea. Gentamaisini huifanya ribosomu isome vibaya, bakteria akajijazia protini mbovu.

Si antibiotiki zote zinazopita njia hii. Amoksilini, kwa mfano, hushambulia ukuta wa bakteria.

Mbona basi azithromaisini haiponyi mafua?

Mafua huletwa na virusi, na virusi havina ribosomu. Vinaingia kwenye seli zako na kuzitumikisha za kwako, zile ambazo dawa hiyo haizigusi. Ukiimeza kwa ajili ya mafua, wanaoumia ni bakteria wa tumboni ambao hawakukukosea, na wale walio sugu hupata nafasi ya kuzaana. Kwa maoni yangu, muuza duka la dawa anayekataa kukuuzia bila cheti amekutendea wema.

Kama dawa hizi hazigusi ribosomu zetu, kwa nini sindano ya gentamaisini huweza kuharibu masikio?

Kwa sababu ndani ya seli zetu kuna mitokondria, vijumba vinavyozalisha nishati, na mitokondria zina ribosomu zake zinazofanana na za bakteria. Watu wachache wana badiliko kwenye DNA ya mitokondria linaloifanya dawa izishike zaidi. Hao wanaweza kupoteza usikivu hata kwa dozi ya kawaida. DNA hiyo hurithiwa kwa mama tu. Kwa hiyo kama mama, mjomba au ndugu wa tumbo moja aliwahi kuwa kiziwi baada ya sindano za aina hii, mwambie daktari kabla hujachomwa.

Ni kweli mbegu za mbarika ni sumu?

Kweli. Mbegu hizo, wengine huziita nyonyo, zina risini, sumu inayong'oa herufi moja tu ya RNA ndani ya ribosomu zetu, na ribosomu hiyo haifanyi kazi tena. Molekuli moja ya risini huharibu ribosomu nyingi mfululizo. Mafuta ya mbarika yaliyotengenezwa vizuri hayana sumu hiyo, hubaki kwenye mashudu. Hatari iko kwenye mbegu iliyotafunwa. Mtoto akitafuna, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo hata kama anacheza: kutapika na kuharisha vinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, na risini haina dawa ya kuitengua.