Homa baada ya kemo sio "malaria tu", jamani

Mimi ni nesi wa wagonjwa wa kansa hapa Kisumu na kuna maneno nikiyasikia tena nitalia: "Sista, alishikwa na joto usiku, tukajua ni malaria, tukamnunulia dawa kwa kemisti na Panadol tukangoja kukuche." Naelewa, huku ziwani nani hajaugua malaria? Lakini mtu aliyewekewa kemo, yaani dawa kali za kansa, siku kumi zilizopita si mtu wa kawaida. Kemo inaua seli zinazogawanyika haraka, na uboho unaotengeneza damu unaumia pia. Neutrofili, zile seli nyeupe za damu ambazo ni askari wa kwanza wa kupigana na bakteria, haziishi siku nyingi, kwa hivyo uboho ukilala zinaisha, mara nyingi zinafika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, wakati huohuo mgonjwa ameanza kula ugali na majirani wanasema amepona! Zikishuka chini ya 500 kwa maikrolita, bakteria wa tumbo lake mwenyewe wanaweza kumwangusha kwa masaa tu. Na usitafute usaha, usaha wenyewe ni maiti za hizo neutrofili, atautoa wapi? Homa inaweza kuwa dalili pekee, na Panadol inaificha. Themomita ikisoma 38 njoo, hata kama ni saa nane usiku, sema mlangoni "niko kwa kemo" na usipange laini, antibayotiki ya mshipa inafaa iingie ndani ya saa moja. Malaria tutapima pia, nani amekataa. Na themomita mnunue, kiganja kwa paji la uso hakisomi namba.

Eti juisi ya bitiruti inarudisha kinga? Kunywa, ni tamu, lakini haipandishi seli nyeupe, wekundu wake ni rangi tu. Kuna sindano ya kuamsha uboho na daktari ndiye anaamua nani anaihitaji.

Eti aliyechomwa mionzi asibebe mtoto. Mionzi ya mashine ya nje haibaki mwilini, ukishuka kitandani imeisha, beba mjukuu. Kinga ya mwili kushuka nayo inategemea umechomwa wapi: nyonga ina uboho mwingi, mkono una kidogo tu. Limfosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, ndio dhaifu kwa mionzi, zinakufa hata kwa dozi ndogo na zinaweza kukaa chini miezi.

Halafu tukiahirisha kemo juu ya hemogramu, kile kipimo cha kuhesabu seli za damu, hatujakosa dawa wala hatutaki hongo, neutrofili hazijarudi, ngoja wiki upimwe tena.