Kichocheo huongeza kasi, si kiasi

Mafuta yaliyokaangia samaki mpaka yakawa meusi, kama yale ya kule Kirumba Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, yakimwagwa mtaroni huishia ziwani. Kuyageuza kuwa biodizeli ni kazi ya maana. Ila kuna kauli inayorudiwa mno na wanaofundishana kazi hii: “Dizeli ikitoka kidogo, ongeza kichocheo.” Hapana.

Kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kuliwa na mmenyuko huo. Wilhelm Ostwald, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1909, alilisimamia hili: kichocheo hubadilisha mwendo tu; msawazo wa mwisho, yaani pale mmenyuko wa kwenda na wa kurudi unapolingana, hakiugusi. Ni kama Daraja la Kigongo–Busisi. Limemfupishia safari anayekwenda Sengerema, na limemfupishia vilevile anayerudi Mwanza.

Kinachosukuma kiasi ni methanoli, alkoholi inayomenyuka na mafuta kutoa dizeli. Kwa lita 1 ya mafuta, hesabu ya kemia inadai kama mililita 130. Sisi tunaweka 200 ili ile ziada iusukume mmenyuko upande wa dizeli. Joto liwe nyuzi 55 hadi 60, maana methanoli huchemka karibu na 65, na mvuke wake ni sumu na unashika moto. Bado dizeli haijakamilika? Toa gliserini, zao la pili la mmenyuko, iliyotuama chini, kisha rudia na methanoli kidogo yenye kichocheo.

Ukizidisha kostiki (sodiamu haidroksaidi), ambayo ndiyo kichocheo chetu, unapata sabuni, na siku ya kuosha, dizeli na maji vinagandana kama uji, havitengani.

Hata gramu za kostiki tunazopima si zote kichocheo. Mafuta mapya yanahitaji gramu 3.5 kwa lita. Yaliyotumika yana asidi huru, kwa sababu maji ya samaki na moto vimeyavunjavunja. Ndiyo maana tunapima: mililita 1 ya mafuta ndani ya mililita 10 za isopropanoli, tone la fenolfthaleini (kiashiria cha asidi), kisha unadondoshea maji ya kostiki (gramu 1 kwa lita) mpaka rangi ya waridi ibaki. Yakitumika mililita 2.5, unaongeza gramu 2.5, jumla 6.

Basi mwenzako akisema “gramu sita za kichocheo”, msahihishe taratibu: kichocheo ni zile tatu na nusu. Mbili na nusu zimeliwa na asidi, zimekuwa sabuni, na hazikuharakisha chochote.