Geji ya joto kwenye lori la zamani: sensa ikae wapi

Lori lililetwa karakana kwetu Nyakato, Mwanza, likivutwa kwa mnyororo kutoka Misungwi. Dereva wake ni mzee aliyebeba dagaa wa Kirumba tangu mimi sijajua kushika spana. Alisimama pembeni akatuangalia tukiinua kabini, kisha akasema: “Fundi, mshale ulipanda kidogo, halafu ukarudi chini kabisa. Nikajua imepoa.”

Nilimwamini. Hosi paipu ya chini ilikuwa imepasuka, maji yakamwagika yote, na sensa, yaani kile kipima joto kinachoipa geji habari, ikabaki hewani. Sensa ile imetengenezwa ili izamishwe kwenye maji. Maji yakiisha inabaki na mvuke na hewa, ambavyo haviipi joto sawasawa, kwa hiyo mshale unashuka huku chuma kinaungua. Tulipofungua hedi (kichwa cha injini) tulikuta ufa kati ya vali mbili.

Tangu siku ile kila anayetaka nimfungie geji namweleza kwanza hili: geji inajua joto la pale sensa ilipokaa, basi. Mengine yote ya kazi hii yanatoka hapo.

Geji iliyokuja na lori usiing'oe, wala usiiguse sensa yake. Ina kasoro zake: haina namba, ina herufi C (baridi) na H (moto) tu, na nyingi za zamani mshale wake ni mzito kusogea. Lakini ni shahidi wa pili. Geji mpya ije na sensa yake mwenyewe kutoka kwenye boksi moja, maana kila geji imepimwa kwa ukinzani wa sensa yake. Nimeona watu wakiunga geji mbili kwenye sensa moja ili kuokoa tundu, na zote mbili zikadanganya.

Sasa, mahali. Njia rahisi inayopendwa mjini ni kukata hosi ya juu ya rejeta, kuweka kipande cha bomba la alumini chenye tundu, na kufunga sensa hapo. Nusu saa umemaliza. Mimi siipendi. Hosi hiyo iko baada ya themostati (vali inayozuia maji kwenda rejeta mpaka yapate moto), na themostati nyingi za dizeli hizi hufunguka kwenye nyuzi 76 hadi 82. Kabla haijafunguka, geji inasoma maji yaliyolala. Themostati ikikwama imefunga, injini itachemka na geji yako itakuambia hali ni shwari. Sensa ikae upande wa injini, kabla ya themostati: kwenye hedi yenyewe au kwenye nyumba ya themostati upande wa ndani. Mara nyingi kuna plagi ya chuma hapo ambayo haijawahi kufunguliwa. Ukilazimika kutumia bomba la hosi, kumbuka limekaa kati ya raba mbili na halishiki injini, kwa hiyo sensa ya waya mmoja haitafanya kazi mpaka ulivutie bomba hilo waya wake wa hasi.

Kabla ya kukaza, angalia tredi, yaani meno ya kufungia. Injini za Kijapani kwa kawaida zina tundu la moja ya nane ya inchi lenye meno 28 kwa inchi, na sensa nyingi za dukani ni za Kimarekani, meno 27. Zinaingia raundi mbili tatu kwa mkono, unadhani zimekubaliana, halafu zinaanza kukaza. Ukiendelea na spana unapasua nyumba ya alumini. Tafuta adapta, au mpelekee fundi wa mashine akukatie. Tepu ya maji (ile ya kuzibia mabomba) raundi moja na nusu inatosha, kwa sababu sensa inapata hasi kupitia tredi hizo hizo.

Kuna kipimo ninachofanya kila mara kabla sijafunga, na wateja hukishangaa. Nachemsha maji kwenye sufuria, naunga geji kwenye betri, navuta waya kutoka kwenye mwili wa sensa hadi hasi, kisha nazamisha ncha tu. Maji yakitokota kweli kweli, geji inatakiwa isome karibu nyuzi 96. Kijana mmoja aliirudisha geji yake dukani akisema ni mbovu kwa kuwa haikufika 100. Haikuwa mbovu. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji hayangoji 100. Ndiyo maana pia kifuniko cha rejeta ni kitu cha kuheshimu. Kile cha 0.9 (kipimo cha shinikizo) kikiwa kizima kinabana maji yasichemke mpaka yapite 110. Raba yake ikichoka, umerudi kwenye 96 ya sufuria, na hapo mlima mmoja tu unatosha.

Umeme. Malori mengi ya namna hii ni volti 24, na geji nyingi za bei nafuu ni volti 12. Tafadhali, usichukue 12 kwenye betri moja kati ya mbili. Betri hiyo itakuwa inanyonywa peke yake huku mwenzake ikichajiwa kupita kiasi, na baada ya miezi utanunua zote mbili. Nunua geji ya 24 au weka kipunguza volti. Chanya kitoke kwenye swichi ya funguo kupitia fyuzi ya ampea 3. Waya wa sensa upite mbali na ekzosi, na pale kabini inapoinukia uache ulegevu. Usipofanya hivyo, siku fundi mwingine atakapoinua kabini utakatika, na hutajua mpaka uwe njiani.

Jaza maji safi na kulanti (dawa ya kupoozea injini). Maji ya ziwa, hata ukiwa umeegesha mwaloni kabisa, yana tope na mwani vinavyokwenda kulala kwenye vijia vya rejeta. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, subiri themostati ifunguke na hewa itoke, ongeza, funga.

Yule mzee nilimfungia mbili: ya maji kwenye nyumba ya themostati, na nyingine ya kufungwa kwa bolti kwenye chuma cha hedi, yenye king'ora. Hiyo ya chuma haijali kama maji yapo au yamekwisha. Nikamwambia aandike namba zake wiki nzima: akiwa tupu Igoma, akiwa na mzigo Usagara, akiwa mlimani. Ikipanda ashushe gia na apunguze mafuta. Ikishuka ghafla akiwa anapanda mlima, asimame na azime.

Siku ya nne alinipigia akiwa juu ya mlima wa Sekenke na shehena kamili. “Fundi, Shelui nimeanza na 84. Katikati ya mlima ikafika 97, nikashusha gia. Sasa hivi 90.” Nikamuuliza ile ya chuma inasemaje. Akakaa kimya kidogo, nikasikia anainama kwenye dashibodi. “Imetulia,” akasema.