"Mwalimu, mbona mtoto wangu hajui hata Sala ya Bwana?"

Baba mmoja alinisimamisha mlangoni Jumapili iliyopita, funguo za gari mkononi, akaniuliza swali hilo kana kwamba alinipa kuku nimfugie na sasa amekuja kudai mayai. Nimefundisha Shule ya Jumapili hapa Kisumu miaka kumi na minne. Hilo swali nalijua kwa sauti zote. Nikamuuliza, "Na nyumbani, baba, mnaisali saa ngapi?" Akaangalia saa yake.

Hakuna dhana inayonichosha kama hii, kwamba imani ya mtoto ni kazi yangu, kama vile hesabu zilivyo kazi ya mwalimu wa shule. Wiki ina saa 168. Mimi nakaa na mtoto wako saa moja, na robo yake inaishia kutafuta kiatu kilichopotea. Hata asili ya darasa letu hainipi kazi hiyo. Robert Raikes alipoanzisha shule zake kule Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, alikuwa akiwafundisha kusoma watoto waliofanya kazi wiki nzima na kubaki na Jumapili tu. Hakuwa akimtua mzazi mzigo wake. Na Kumbukumbu la Torati 6:7 inasema maneno ya Mungu yanenwe "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Nyumba imetajwa, njia imetajwa, kitanda pia kimo. Darasa langu halimo.

Shida ni kwamba mzazi akishakubali hilo, anarukia upande wa pili: anageuza sebule kuwa kanisa. Ibada saa nzima baada ya chakula, watoto wanasinzia, baba anahubiri. Siku ya nne imekufa.

Jumamosi moja nilikuwa kwa mama fulani Nyalenda, anatengeneza mandazi ya hamira. Alishakanda unga, akaufunika kwa kitambaa na kuuweka karibu na jiko. Binti yake wa miaka sita hakutulia, kila mara anainua pembe ya kitambaa achungulie. "Mama, haufanyi kitu." Mama, huku anakwangua sufuria, akajibu, "Unafanya, huoni tu. Yesu alisema ufalme wa Mungu uko hivyo." Basi, akanyamaza. Baadaye kitambaa kikawa kimetuna, mtoto akatoka mbio kumwita kaka yake. Hiyo ni Mathayo 13:33 nzima. Mimi ningeiharibu kwa dakika ishirini na michoro ya kupaka rangi.

Angalieni kwamba hakuanza yeye. Aliulizwa. Kutoka 12:26 nayo inangoja mtoto aulize kuhusu Pasaka, "Utumishi huu maana yake ni nini?", ndipo mzazi aeleze. Kwa hiyo fanya jambo mbele yake, lirudie mpaka aulize, umjibu kwa sentensi moja, halafu unyamaze. Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi. Mtoto wa Dunga, kwa wavuvi wa ziwani, ameona wavu ukivutwa kwa macho yake, na samaki wakitengwa. Anachohitaji ni mtu wa kumwambia kwamba Yesu naye aliutolea mfano.

"Lakini sijui Biblia, mwalimu." Mama mboga wa Kibuye akikuzidishia chenji, rudi na mtoto ukairudishe akiona. Kuna Kiebrania hapo?

"Bado ni mdogo." Timotheo, yule msaidizi wa mtume Paulo, aliyajua Maandiko tangu utoto, na imani ile ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Baba yake alikuwa Myunani, wala hatajwi kuwa muumini. Akina mama ambao waume zenu hawakanyagi kanisani, shikeni hapo.

"Akikosea namwandikisha Zaburi." Jamani, acheni! Zaburi 119 ina mistari 176. Namjua kijana aliyeinakili yote kwa sababu ya kikombe kilichovunjika, na hadi leo ukitaja Zaburi anakunja uso.

"Mithali 22:6 imeahidi kwamba mtoto akilelewa katika njia impasayo hataiacha." Mithali hueleza jinsi mambo yaendavyo kwa kawaida, si hati ya mkataba. Nimeona wazazi wema wakichapwa na mstari huo, tena na waumini wenzao, na inaniuma.

Yule baba wa funguo nilimpa kazi moja tu: Jumapili wakija, wakifika Kondele azime redio, waisali Sala ya Bwana wote garini mpaka kanisani. Akasema njia ni fupi mno. Nikamwambia sala yenyewe haifiki dakika moja, hata kwa mwendo wa kanisa letu.