Kabala na miaka 40: dhana zinazorudi kila muhula

Nafundisha historia ya dini. Kila muhula, tukifika kwenye Kabala, mafundisho ya siri ya Kiyahudi, hakosi mwanafunzi wa kunyoosha mkono: "Mwalimu, si hairuhusiwi kuisoma kabla ya miaka 40?" Mmoja kaisikia YouTube, mwingine kwa mchungaji, mwingine kwa ustadhi. Nimelijibu swali hili kwa mdomo mpaka nimechoka, sasa naliandika.

"Lazima utimize miaka 40"

Hakuna amri hiyo katika Torati. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, kwenye sehemu iitwayo Hagiga, inakataza kumfundisha hata mtu mmoja siri za Merkava, yaani gari la Mungu aliloliona nabii Ezekieli, isipokuwa awe na hekima na anaelewa mwenyewe. Umri hautajwi. Maimonide, mwanasheria na mwanafalsafa wa Kiyahudi wa karne ya 12, naye alidai maarifa: mtu ashibe kwanza mkate na nyama, yaani ajue halali na haramu, ndipo atembee bustanini, yaani kwenye siri hizo.

Miaka 40 ilitoka wapi, basi? Katika karne ya 17 rabi Shabbatai HaKohen, mfafanuzi wa sheria, aliitaja kama kauli ya wanakabala. Lakini kilichoipa nguvu ni hofu. Mwaka 1665 Shabbetai Zvi wa Izmir alitangazwa kuwa Masihi, huku Nathan wa Gaza akimnadi kwa lugha ya Kabala. Mwaka uliofuata akasilimu mbele ya Sultani wa Uthmania, na Wayahudi kuanzia Yemen hadi Poland wakabaki wamevunjika moyo. Miaka 90 baadaye Jacob Frank akayafufua mambo hayo huko Poland. Marabi waliokutana Brody mwaka 1756 waliwatenga wafuasi wake, wakapiga marufuku kusoma Zohari, kitabu kikuu cha Kabala, kabla ya miaka 30 na maandishi ya mafundisho ya Isaac Luria, mwanakabala wa karne ya 16, kabla ya 40. Hiyo ilikuwa hatua ya dharura, ya jamii fulani iliyokuwa imeungua. Kuigeuza sheria ya milele kunaniudhi, hasa kwa kuwa wanaoirudia mara nyingi hawajafungua hata ukurasa mmoja wa Mishna.

Na waangalie walioijenga Kabala yenyewe. Luria alifariki Safed, mji wa Galilaya, mwaka 1572 akiwa na miaka 38. Nachman wa Breslov, rabi wa Kihasidi, naye hakufika 40. Hata Gershom Scholem, msomi aliyeifanya Kabala somo la chuo kikuu, alianza kuifundisha katika Chuo Kikuu cha Kiebrania, Jerusalem, mwaka 1925, hata 30 hajatimiza.

Utayari ni kitu kingine, na Zohari yenyewe inakuonyesha tangu inapoanza. Inafungua kwa lile ua kati ya miiba la Wimbo Ulio Bora. Ua lina petali 13, inasema, kama zilivyo sifa 13 za rehema zinazoizunguka Israeli. Halafu inakupeleka Mwanzo 1: kati ya jina Elohimu linapotajwa mara ya kwanza na linapotajwa mara ya pili, yamo maneno 13. Hesabu katika Biblia ya Kiswahili, hutayapata. Hesabu katika Kiebrania, ni 13 kamili. Hapo bado hujatoka utangulizi! Asiyejua Kiebrania, asiyezijua sifa za rehema za Kutoka 34, atabaki nje hata akiwa na miaka 70. Ushauri wangu ni uleule siku zote: Kiebrania kwanza, kisha Mwanzo na Kutoka pamoja na Midrashi, yaani fafanuzi za kale za marabi, mbele ya mwalimu anayekusahihisha. Zohari itakusubiri.

"Ngoja kwanza ugomvi wa dini na siasa utulie"

Hautatulia, na Kabala haijawahi kusubiri. Mwaka 1772 Wahasidi, kundi la uchaji lililojengwa juu ya Kabala, walipigwa marufuku Vilna (leo Vilnius, Lithuania), na rabi aliyeitwa Gaoni wa Vilna, mpinzani wao mkuu, alikuwa mwanakabala mkubwa. Katika karne ya 20, Rabi Kook aliona mkono wa Mungu katika Wayahudi kurudi kwenye nchi ile. Joel Teitelbaum, kiongozi wa Wahasidi wa Satmar, akaiona dola ya Israel kuwa uasi dhidi ya Mungu. Wote wawili walilelewa na vitabu vya Kabala. Huko Sana'a, Rabi Yihya Qafih aliikataa Zohari kabisa, Wayahudi wa Yemen wakagawanyika makundi mawili.

Kwa hiyo usinitafutie "msimamo wa Kabala" kuhusu siasa za leo. Kusoma si kuunga mkono serikali yoyote. Darasani kwangu wanakaa wenye uchungu wa Gaza na wenye kuipenda Israel, na wote nawapa kurasa zilezile. Ninachosisitiza ni hiki: ujue mwalimu wako yuko upande gani, kisha wasome wapinzani wake. Mwalimu anayekukataza kuwasoma, mwache.

"Ni uchawi, ni mambo ya Freemason"

Hirizi na majina matakatifu vilikuwepo, na Luria mwenyewe alikataza kuvitumia. Ama Freemason, chama chao kikuu kiliundwa London mwaka 1717. Zohari ilikuwa imekwisha kusambaa Hispania tangu mwishoni mwa karne ya 13. Sina zaidi ya kusema hapo.

"Uzi mwekundu mkononi unatosha"

Unauzwa kwa watalii Jerusalem kama kinga dhidi ya kijicho, watu mashuhuri wakauvalisha jina la Kabala. Tosefta, mkusanyo wa sheria unaoandamana na Mishna, ya kale kuliko Zohari kwa karne nyingi, inakuhesabu kufunga uzi mwekundu kidoleni miongoni mwa desturi za Waamori, yaani ushirikina uliokatazwa.